Ndama wa Siku ya Uzi

Ndama alipozaliwa nyumbani kwa Mzee Dindayal, mtaa mzima ulishangilia. Mimi nilimwombea afe.

Mungu anisamehe. Kwetu Chandauka mtu akimgusa ng'ombe kwa mguu bila kukusudia humwomba radhi, seuze kumtakia mauti. Nami nilikuwa nimesimama jikoni, mwiko mkononi, tambi za sikukuu zikishika chini ya sufuria, nikimtakia mauti kiumbe ambaye hata kusimama alikuwa hajajua.

Habari ililetwa na Mama Mkubwa Kalavati, mke wa kaka yake baba, ambaye tunaishi naye ua mmoja. Alikuja mbio mpaka kwenye kizingiti cha jiko, ndara miguuni, na siku nyingine mtu akifanya hivyo yeye ndiye wa kwanza kugomba.

"Vimlesh! Umesikia? Ng'ombe wa Dindayal amezaa! Leo, siku ya Uzi yenyewe!"

"Amezaa?"

"Jike, tena jeupe. Sikukuu yao imefufuka, mwanangu! Tangu wewe hujazaliwa wanaingoja siku hii."

Mama aliacha kusaga viungo, akaunganisha viganja vyake juu ya paji la uso. "Mungu ni mkubwa. Maskini Ramkali, leo atalia."

"Ameanza kulia tangu asubuhi. Ameshamfunga kaka yake uzi, na Dindayal naye analia, wote wawili wazee wazima. We Vimlesh, tambi hizo zinaungua, huoni?"

Sikuziona. Niliona mkono mmoja tu, mkono wa kulia wa Omkar, mwana wa Dindayal, mtupu, usio na uzi, mkono nilioupenda kuliko kitu chochote katika mji huu.

Hadithi ya mji wetu kila mtoto anaijua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake. Zamani wanyang'anyi waliopanda farasi waliuzingira mji, wanaume wa Mtaa wa Chini wakiwa mbali na misafara ya manukato. Wanawake wa Chini wakararua pindo za sari zao, wakawafunga wanaume wa Mtaa wa Juu mikononi, wakawaambia: leo nyinyi ni kaka zetu. Wale wanaume walisimama langoni, na wengi wao hawakurudi kwao. Tangu hapo, kila siku ya Uzi, mbali na dada kumfunga kaka yake wa damu, binti wa nyumba ya Chini humfunga uzi kijana wa nyumba ya Juu, na nyumba zilizofungana hazioani. Ni ndugu mpaka majivu. Lango lenyewe limebaki nusu na mbuzi wanalala humo, lakini mtu akijaribu kuukata huo uzi ndipo atakapojua Chandauka ina wanaume wa namna gani.

Nyumba moja tu ya Mtaa wa Juu ilikuwa imebaki nje ya uzi huo, nayo ni ya kina Omkar. Mdogo wake Mzee Dindayal alizama mferejini siku ya Uzi, na kwetu mtu akifa siku ya sikukuu, sikukuu hiyo nayo hufa katika nyumba yake. Hawapiki kitu kitamu siku hiyo, hawafungi wala hawafungwi uzi, hata dada hamgusi kaka yake mkono. Huwa hivyo mwaka baada ya mwaka, mpaka siku ileile azaliwe mtoto ndani ya nyumba hiyo, au ndama zizini mwake. Hapo ndipo sikukuu hufufuka.

Shangazi Ramkali, dada yake Mzee Dindayal, alirudi kwao akiwa mjane kijana, na kila mwaka siku ya Uzi alikuwa akikaa kibarazani akitazama wenzake wakipita na masinia yao. Mimi nami, Mungu anisamehe tena, nilikuwa nikifurahia huo msiba wao. Nyumba isiyo na uzi si ndugu wa mtu. Omkar alikuwa amenieleza mara nyingi: mvua zikiisha atamtuma mshenga, wazee watauliza kama kuna uzi kati ya nyumba hizi mbili, na jibu litakuwa hakuna.

Nilimjua kwa ule mkono. Nilikwenda dukani kwao kununua manukato ya harusi ya binamu yangu, wiki ile baada ya sikukuu ambapo kila mwanaume anatembea na nyuzi zimemjaa mkononi mpaka zichakae. Wake ulikuwa mtupu. Nikamuuliza kwa nini, akaniambia kwao sikukuu ilikufa. Kisha akachovya kijiti kwenye kichupa, akanigusa nacho kwenye kifundo cha mkono, nikasikia harufu ya ardhi kavu iliyopata mvua ya kwanza. "Hii hatuiuzi kwa kila mtu," alisema. Mwongo mkubwa, wanamuuzia yeyote mwenye rupia. Lakini mimi nilirudi nyumbani nimeshikilia mkono wangu kifuani kana kwamba umevunjika.

"Sasa sikiliza," Mama Mkubwa aliendelea, akiketi kwenye kizingiti. "Wazee wamesema nyumba ile isibaki peke yake tena. Binti wa Mtaa wa Chini apeleke uzi leo hii hii. Wakaanza kushindana, huyu, yule. Mimi nikawaambia, jamani, mnahangaika nini? Vimlesh wetu yupo."

"Mimi?"

"Kwani una nini? Mikono huna?"

"Si kuna Rekha? Si kuna binti za kina Shivnath?"

"Wako wengi." Alinitazama huku akitabasamu, na meno yake yana rangi ya tambuu siku zote. "Lakini kuna watu wakifungwa uzi ndipo macho yao hutulia. Au siyo, mwanangu? Macho hayana pazia. Mtu anatazama hata asipotakiwa."

Mama alishtuka. "Kalavati, maneno gani hayo siku ya leo?"

"Maneno ya heri, mdogo wangu. Nasema ya heri tu."

Alikuwa anajua. Sijui aliona wapi, pengine kwenye bembea za msimu wa mvua, pengine dukani kwenyewe. Alikuwa anajua, na badala ya kupiga kelele alikuwa amenitafutia kamba laini ya kunyongea.

Kaka yangu Mahipal alitokea nyuma yake. Mahipal ni mtu wa uwanja wa mieleka; akisimama mlangoni jiko linaingia giza. Uzi niliomfunga asubuhi ulikuwa mwekundu kwenye mkono wake mnene.

"Vaa vizuri," aliniambia. "Twende."

"Kaka, kichwa kinaniuma."

"Kitapona njiani."

Mahipal hajawahi kunipiga, lakini nimemwona akimpiga mtu, na mtu yule hadi leo anakula kwa upande mmoja wa mdomo.

* * *

Ua wa Mzee Dindayal ulikuwa umejaa. Mpiga ngoma alikuwa amekuja bila kuitwa, na wanawake wamejazana mlango wa zizi wakitaka kumwona ndama. Kila aliyeingia alimpelekea mama yake ndama bonge la sukari guru. Mahipal alibaki kwenye lango la ua na wenzake wawili wa mieleka, wakizungumza kwa sauti ya chini.

Mtu akanitia sukari guru mkononi, akanisukuma. "Ingia, Vimlesh, mlishe ng'ombe kwanza. Ni baraka."

Wanawake walitoka kwenda kusaidia kupika, nami nikabaki ndani. Mle zizini kulikuwa na joto na harufu ya maziwa mabichi. Ndama alikuwa amelala kwenye majani makavu, mama yake anamlamba. Nyuma ya ng'ombe, ameshika kamba, alikuwa Omkar.

Sikuweza kumtazama usoni. "Wamenipa mimi sinia la uzi," nilisema.

"Najua. Mama yako mkubwa alikuja mwenyewe kumwambia baba. Alikuwa anacheka kweli."

"Tufanyeje?"

Ng'ombe akapumua kwa nguvu, nami nikaruka nikidhani ni mtu.

"Funga," akasema.

"Nini?"

"Funga uzi, Vimlesh. Paka rangi, zungusha taa, funga, nenda nyumbani. Wewe funga tu."

"Unajua unachosema? Nikifunga wewe ni kaka yangu. Kaka yangu, Omkar! Nitakuitaje? Siku nikiolewa wewe ndiye utakayenibeba mpaka kwenye gari la bwana harusi!"

"Nitakubeba."

"Usinitanie."

"Sikutanii." Alisogea, nikaiona midomo yake imepauka. "Umemwona Mahipal alikosimama? Umewaona walio naye? Usipofunga watauliza kwa nini, na jibu ni moja tu, kila mtu analijua. Pushpa umemsahau?"

Sikumsahau. Pushpa tulikuwa tukichota naye maji. Siku moja ilijulikana kwamba anampenda kijana ambaye nyumba yake ilifungana na yao, na baada ya hapo akatolewa mferejini bangili zikiwa bado mikononi. Ndugu zake walisema aliteleza. Hakuna aliyeuliza binti aliyekulia kando ya mfereji aliteleza vipi. Tulikwenda kwenye msiba, tukalia, tukarudi.

"Bora niwe kaka yako uwe hai," Omkar alisema. "Nitakuona ukipita. Nitaona watoto wako. Nimefikiri tangu alfajiri, ng'ombe analia mimi nafikiri, sijapata njia nyingine."

"Na wewe unajiogopea?"

"Ndiyo, naogopa. Nani asiyeogopa?" Alininyooshea mikono. "Lakini hofu ya kifo changu naivumilia. Ya kifo chako siwezi."

Nilitaka kuishika ile mikono. Sijui kama niliishika au sikuishika, kwa maana ndoo iligonga mlango, tukatengana kama walioungua. Shangazi Ramkali alikuwa amesimama pale na uji wa ng'ombe, sari yake nyeupe ya ujane imechafuka damu ya uzazi, macho yamevimba kwa furaha.

"Omkar, toka. Ng'ombe mzazi hataki wanaume."

Omkar alitoka ameinamisha kichwa. Shangazi akaweka ndoo chini, akanitazama kwa muda.

"Mbona unalia, binti? Ndama ni mzima."

"Moshi, shangazi."

Aligeuza macho akatazama zizi zima, ambalo halikuwa na moto wala jivu. "Haya," alisema. "Mlishe ng'ombe sukari yake, anakungoja."

* * *

Walimkalisha Omkar kwenye kigoda katikati ya ua, uso mashariki, leso kichwani. Nikapewa sinia: taa inawaka, unga mwekundu, punje za mchele, peremende za maziwa, na uzi. Ulikuwa uzi mzuri, wa hariri, umeshonewa kiua cha dhahabu. Mama Mkubwa aliuchagua mwenyewe sokoni.

Mzee Dindayal alikuwa ameketi karibu, na kila mara alikuwa akiinua mkono wake kuutazama uzi wa dada yake, kama mtu aliyevaa saa mpya. Shangazi Ramkali alisimama nyuma yake. Ua mzima ulikuwa na furaha, na hofu ilikuwa kwetu wawili tu, na kwa hiyo ilituelemea zaidi.

"Haya, mwanangu," Mama Mkubwa alisema. "Usione haya. Ni kaka yako huyo."

Wanawake wakacheka kwa upendo. Nilichovya kidole, nikamgusa paji la uso. Ngozi yake ilikuwa na jasho la baridi na rangi ikamchirizika mpaka kwenye nyusi. Nikamwekea mchele, punje zote zikaanguka.

"Anatetemeka huyo! Vimlesh, hujawahi kufunga uzi?"

"Amezoea kumfunga Mahipal, mkono kama gogo," mwingine akadakia. "Huu mwembamba unamchanganya!"

Wakacheka tena. Nikazungusha taa mbele ya uso wake, na ndipo kwa mara ya kwanza siku ile nikamtazama machoni. Alikuwa akinitazama kama anayenisihi. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akanyoosha mkono wake wa kulia, kiganja juu. "Funga, dada," akasema kwa sauti ya kusikika na wote.

Dada. Laiti angenipiga kofi. Alilitamka sawasawa, kwa ajili yangu, ili nisife, na nikaona kwamba kweli angeweza kuishi hivyo, miaka yote, akinipa zawadi kila siku ya Uzi na kunisalimia kwa heshima. Mimi nisingeweza. Nilijijua. Ningefunga leo, halafu usiku mmoja ningekwenda mferejini mwenyewe, bila kusukumwa na mtu.

Niliuinua uzi. Niliuzungusha kwenye kifundo cha mkono wake. Ncha mbili zilikuwa kwenye vidole vyangu, imebaki kuvuta fundo tu.

Nikaziachia.

"Vuta, mwanangu," Mama Mkubwa alisema. "Fundo halijakaa."

"Sifungi."

"Unasemaje?"

"Nimesema sifungi."

Mpiga ngoma aliyekuwa akigonga taratibu akaacha. Nikasikia redio ya duka la jirani ikitangaza bei ya ngano. Mama alikuwa miongoni mwa wanawake, na niliona akiweka mkono mdomoni. Kule langoni, Mahipal aliacha kuegemea ukuta.

"Hebu rudia kwa sauti, mwanangu," Mama Mkubwa alisema polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. "Wazee wasikie. Kijana wa watu ana kosa gani? Kwa nini hutaki awe kaka yako?"

Mahipal alikuwa anakuja, watu wanampisha, na Omkar alikuwa ameinuka kwenye kigoda akajiweka mbele yangu, jambo ambalo lilikuwa kosa, kwa kuwa sasa hata kipofu angeona.

"Kwa sababu mimi nilimkataza."

Alikuwa Shangazi Ramkali. Alipita mbele ya kaka yake, akaja mpaka katikati.

"Nilimkuta zizini nikamwambia asifunge. Kisha nikaona haya kuwaambia nyinyi. Ndama hakuzaliwa leo."

Ua ukavuma. Mzee Dindayal akasimama. "Ramkali, unasema nini?"

"Alizaliwa jua halijatoka. Jua lisipotoka, bado ni jana. Nyote mnajua."

"Lakini ulituambia jua lilikuwa limeshatoka!" Mama Mkubwa alipaza sauti. "Uliniambia mimi mwenyewe!"

"Nilisema kwa uchu. Nimengoja miaka mingi, Kalavati. Mwenye njaa akinusa chungu husema chakula kimeiva. Nani mwingine alikuwa zizini? Wewe ulikuwepo?"

"Apa basi."

"Kalavati!" Mama alilia. "Mwogope Mungu!"

"Anaapa au haapi?"

Shangazi aliingia ndani. Alitoka na chupa ndogo ya shaba ya maji ya Ganga, ile ambayo kila nyumba huiweka ili watu wao watiwe tone mdomoni wakati wa kukata roho. Akaivunja lakiri, akamimina maji kiganjani.

"Naapa kwa Ganga. Ndama alizaliwa jana."

Akayanywa. Kwetu mtu akiapa uongo kwa maji yale, hayatamfaa tena siku yake ya mwisho. Mimi nilijua ni uongo. Omkar alijua. Yeye mwenyewe alijua, na uso wake ulikuwa mkavu kama ukuta.

Kisha akamgeukia kaka yake. "Nipe mkono."

"Dada, usifanye hivi."

"Sikukuu yetu haijafufuka. Uzi huu ni haramu. Nipe mkono."

Mzee Dindayal aliuficha mkono kifuani kama mtoto anayenyang'anywa kitu. Shangazi aliushika, akauvuta taratibu. Fundo lilikuwa limekazwa sana. Alilikaza mwenyewe asubuhi kwa furaha. Vidole havikuweza, akainama akalifungua kwa meno. Mzee yule alilia kwa sauti mbele ya mji mzima.

"Nyamaza," Shangazi alimwambia. "Sisi tumeshazoea."

Akautia uzi ndani ya nguo yake. Akaja kwa Omkar, akachomoa ule wa hariri uliokuwa ukining'inia, akaurudisha kwenye sinia langu, na kwa pindo la sari akamfuta rangi kwenye paji la uso. Wakati huo alikuwa karibu nami, akanong'ona bila kunitazama.

"Siku hii imeshachukua mmoja kwetu. Haichukui wa pili. Nenda kwenu."

* * *

Njia nzima Mahipal alitembea nyuma yangu hatua chache. Nilisikia pumzi yake. Mama na Mama Mkubwa walikuwa wametangulia, na Mama Mkubwa alikuwa akisema kwa nguvu ili nisikie kwamba baba na baba mkubwa wanarudi jioni kutoka mnadani, na siku za mwizi ni arobaini.

Tulipofika nyumbani Mahipal alinyoosha kitanda chake cha kamba kibarazani, karibu na mlango wa nje, mahali ambapo hakuna anayepita bila yeye kumwona. Akaniita.

"Keti."

Niliketi chini.

"Leo asubuhi nilipita nyuma ya zizi lao nikienda kuoga," alisema. "Jua lilikuwa limeshapanda juu ya lango. Ng'ombe alikuwa bado analia kwa uchungu."

"Kaka..."

"Nyamaza nimalize. Mbona hukuniambia?"

"Ungenifanya nini ningekuambia?"

Alifikiri. Mahipal si mtu wa kufikiri haraka, na hajui kusema uongo. Ndivyo alivyo tangu utotoni.

"Sijui," alisema. "Jioni baba watakuja. Kalavati atasema yake. Wataniita waniulize nilichokiona, na mimi sitawadanganya wazee. Na wakinituma kwa yule kijana, nitakwenda. Na wakisema wewe pia... Unanijua, Vimlesh. Nitakwenda."

"Najua."

Alikuwa akiutazama uzi kwenye mkono wake, akiuzungusha kwa kidole kinene.

"Bibi yule ameziuza hata pumzi zake za mwisho kwa ajili ya mtoto ambaye si wake. Mimi ndiye niliyefungwa uzi na wewe asubuhi, nikala peremende mkononi mwako." Alikohoa kwa hasira. "Basi la Kanpur linapita njia panda ya kiwanda cha sukari baada ya adhuhuri. Kanpur ni mji mkubwa, hakuna atakayewauliza nyinyi wawili mmetoka wapi. Ukirudi hapa hata kwa msiba wa mama, sikujui."

"Kaka, na mama je?"

"Mama mwachie mimi."

"Nimuage?"

"Ukimuaga hutatoka."

Kule jikoni Mama alikuwa akikwangua tambi zilizoungua. Nilimsikia akivuta kamasi, kisha akaniita nije nile, hata kama ni kidogo, tangu asubuhi sijatia kitu tumboni. Sikuitika.

Mahipal alijilaza, uso kaugeuzia ukutani, mgongo wake mpana upande wangu na wa mlango. Akavuta shuka mpaka kichwani, mchana wa joto namna ile.

"Mimi nimelala," alisema.

Nilivua ndara, nikazishika mkononi, nikavuka kizingiti pembeni ya kitanda chake. Kaka yangu hukoroma tangu akiwa mtoto, anakoroma mpaka majirani wanalalamika. Nilisimama kidogo nje ya mlango nikasikiliza. Shuka lilikuwa likitikisika, na hakukoroma hata mara moja.